Mshahara wa Ng'ambo ya Mlima

Sindano ni ileile, mkono ni uleule, na damu ya Mnorwe haizidi ya Mswidi kwa wekundu. Lakini ukimchoma mgonjwa upande huu wa mlima unapewa cha kununulia mboga, na ukimchoma upande wa pili unapewa mshahara. Ndivyo walivyozoea kusema wauguzi wa Lautavaara, kijiji kilichokaa juu kabisa kaskazini mwa Uswidi, na wakishasema walicheka, maana usipocheka utafanya nini. Ingalill Vuopio alicheka nao miaka mingi kabla naye hajafunga mkoba wake na kuvuka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyewageuza wagonjwa vitandani tangu ujana wake. Hakuwa na makuu. Kahawa aliinywa kwenye kisosi, donge la sukari kati ya meno, kama mama yake alivyomfundisha. Na alipokubali jambo hakusema ndiyo. Alivuta pumzi ndani kwa ghafla, fyu, kama mtu aliyeungua na uji. Kwao wote hukubali hivyo, na mgeni akiwasikia mara ya kwanza hudhani wamebanwa na pumu.

Mdogo wake, Maj-Lis, hakusomea uuguzi kamili. Alikuwa muuguzi msaidizi wa halmashauri, wa kuzunguka na gari nyumba kwa nyumba akiwaogesha wazee, akiwavika soksi, akiwapashia viazi vyao. Kabla hajavuka, Ingalill alipata kidogo kuliko wenzake wa miji ya kusini, na robo tatu tu ya alichopata Mnorwe, huku Maj-Lis akipata kidogo kuliko wote hao. Kazi yenyewe, ukiwauliza migongo yao, ilikuwa moja.

"Karibu, tajiri," Maj-Lis alimwambia dada yake kila aliporudi kutoka ng'ambo na kuingia jikoni kwa mama yao. "Umetuletea nini, au umekuja kutuhesabu meno?"

"Nimekuletea samaki mkavu. Utafune, labda utanyamaza."

"Lakini niambie, dada. Mimi nampangusa mzee mavi, na wewe unampangusa mzee mavi. Ya huko yananukia nini hata yalipiwe hivyo?"

"Yananukia mafuta ya petroli," alisema mama yao, Hilma, bila kuinua macho kwenye kisosi chake.

Walicheka mpaka Maj-Lis akamwaga kahawa, maana utajiri wa Wanorwe umetoka kwenye visima vya mafuta vya baharini. Zamani Wanorwe ndio waliovuka mlima kuja kununua nyama na peremende kwa bei nafuu ya Waswidi. Sasa Waswidi walivuka kwenda kuwaogesha. Dunia duara, na aliye chini huambiwa asubiri zamu yake.

Huyu Hilma alikuwa anaukaribia mwaka wa themanini, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akili ingali kama wembe. Enzi za kijiji kuwa na hospitali yake ndogo alifanya kazi humo kama msaidizi, na watu walimjua kwa jambo moja: alikaa na wanaokufa. Kule kuna mwiko ambao hata daktari mwenye shahada tatu hauchezei. Mtu haachwi afe peke yake. Lazima awepo wa kumshika mkono, wa kumlowesha midomo, na pumzi ikishakatika, wa kufungua dirisha, ili roho isibaki inagonga vioo kama inzi. Hilma alikuwa amewafungulia madirisha nusu ya watu waliolala makaburini pale Lautavaara. Hakuwahi kuongezewa hata senti kwa kazi hiyo, kwa kuwa haikuwa na jina kwenye ngazi za mishahara.

Hospitali yenyewe ilikufa polepole. Kwanza wakaondoa upasuaji, kisha uzazi, mwisho vitanda. Hawakuondoa kwa kukosa wagonjwa, wagonjwa walikuwa tele, walikosa wauguzi. Kila aliyevuka mlima aliacha nyuma yake kitanda kimoja kisicho na mtu wa kukihudumia. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, ila hawakutuambia mzinga wa nyumbani ubaki na nini.

Ingalill hakuvuka kwa tamaa, na atakayesema hivyo mbele yangu tutakosana. Msimu mmoja theluji ililemea nyumba ya mama yake mpaka paa likabonyea upande wa jikoni. Nyumba isipotengenezwa, Hilma angehamishiwa kwenye makao ya wazee huko pwani, mbali na kila uso aliouzoea. Ingalill akaenda kwa mkuu wake wa kazi, mwanamke mmoja aliyeitwa Anette, mpole wa sauti na mgumu wa mkono.

"Niongezee hata nusu ya tofauti," alimwambia. "Nibaki hapa. Siombi zaidi."

"Ingalill jamani, wewe ni nguzo yangu."

"Nguzo nayo inakula."

"Mkoa wetu ndio huu, mwenzangu. Kiwango sikipangi mimi."

"Na yule msichana wa wakala wa wauguzi wa muda, aliyekuja juzi kutoka kusini? Mimi ndiye niliyemwonyesha dawa zinakaa wapi. Analipwa mara mbili yangu."

"Yule nisipomlipa haji," Anette alisema, na kwa kweli alisema kwa huruma. "Wewe una nyumba hapa, una mama hapa. Utaenda wapi?"

Kuna maneno mtu huyasema kama anasifia, kumbe anasukuma. Ingalill alitoka humo ofisini bila kufunga mlango, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa anafanya kazi katika mji wa pwani ya Norwe, safari ya nusu siku kwa gari, wiki tatu kule na wiki tatu nyumbani. Paa likatengenezwa, zuri, la bati jekundu. Baada ya paa likaja tanuri jipya, na baada ya tanuri yakaja mazoea. Hata hivyo alishaamua: msimu wa baridi uliokuwa unakuja ungekuwa wa mwisho. Masika, theluji ikiyeyuka, angerudi kwa Anette, alipwe atakacholipwa, awe karibu na mama yake. Maana alikuwa na ahadi moja tu duniani, na ahadi hiyo aliitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, siku ya kuziba madirisha. Nyumba za kale za kule zina madirisha mawili mawili. La ndani hupachikwa kabla ya baridi, na nyufa zake hubandikwa utepe wa karatasi pande zote hadi masika. Ingalill alipanda kistuli na bakuli la gundi. Hilma alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha la jikoni, akisimamia.

"Hili la jikoni liache," alisema.

"Niliache lipitishe baridi?"

"Liache. Siku yangu ikifika utaanza kuhangaika na kisu, na huku roho imesimama inangoja kama mtu kwenye foleni ya posta."

"Mama, msimu huu hufi. Sijapangiwa zamu hiyo."

"Lakini utalifungua wewe?"

"Mimi. Nani mwingine? Nitakuwa nimekaa papa hapa, nimekushika mkono, nimechoka kukusikiliza."

Hilma akavuta pumzi, fyu, akatulia. Naye Ingalill akalibandika dirisha la jikoni kama mengine, tena akaongeza utepe wa pili juu ya ule wa kwanza, akaupitishia kidole gumba mpaka ukakaza. Hakutaka mama yake apigwe na upepo. Ni upendo huo, si kitu kingine, na ndio maana mpaka leo hana wa kumlaumu.

Halmashauri ilikuwa imempa Hilma kengele ya mkononi, kitu kama saa chenye kitufe chekundu: ubonyeze, muuguzi wa zamu aje. Aliivaa siku ya kwanza kwa heshima ya aliyeileta, kisha akaitundika msumarini karibu na kalenda, juu ya kiti chake.

"Mama, hiyo ni ya kuvaa, si pambo," Maj-Lis alimgombeza kila alipopita.

"Nikibonyeza atakuja nani? Mmemwacha muuguzi mmoja na wilaya nzima. Kuna wenye shida kuliko mimi."

Kuna wenye shida kuliko mimi. Nimeishi na watu hawa muda mrefu, na huo ndio ugonjwa wao ambao sijauonea dawa. Nyumba ya mmoja wao itawaka moto, naye atangoja jirani amalize kula kwanza ndipo amwombe ndoo.

Jumapili moja ya Januari, Ingalill alikuwa amemaliza wiki zake tatu. Mkoba ulikuwa garini, injini inapashwa. Akarudi ndani kuchukua glavu, na kwenye korido akakutana na Torunn, mkuu wa wodi, Mnorwe mrefu mwenye miwani kichwani.

"Mswidi wangu, nakuomba," Torunn alisema. "Najua una safari."

"Usinianze, Torunn. Nimeshaaga."

"Ni mzee Asbjørn. Daktari anasema hatavuka leo. Hana mke, hana mtoto, sina hata mtu mmoja wa kukaa naye. Ni Jumapili, malipo ni mara mbili, unajua."

Asbjørn alikuwa mlinzi wa shule zamani, mzee mkimya aliyewashukuru wauguzi hata kwa maji. Ingalill alimtazama kupitia mlango ulioachwa wazi. Alikuwa mdogo sana kitandani. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, usiweke kahawa bado."

"Nimeshaweka. Kuna nini?"

"Wameniomba nikae na mzee mmoja. Anaondoka. Lakini ukisema nije, nakuja sasa hivi, gari linanguruma."

Upande wa pili ilisikika birika tu.

"Anaitwa nani?" Hilma aliuliza.

"Asbjørn."

"Hana mtu kweli?"

"Hana hata paka."

"Basi unaniuliza nini? Kaa naye. Mtu haachwi. Kahawa nitaipasha."

"Mbona sauti yako iko chini?"

"Nimetoka kusukuma theluji mlangoni. Kaa na mzee wa watu, Ingalill. Mshike mkono vizuri, usimshike kama unapima mapigo."

Ingalill alicheka, akaenda kuzima gari. Na kwa kuwa tunasema kweli, tuiseme yote: njiani kwenda garini aliyawaza yale malipo ya mara mbili. Aliyawaza kwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha akayasahau. Jicho hilo moja limemtesa kuliko miaka yote aliyofanya kazi.

Alikaa na Asbjørn saa nyingi. Simu ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi, kama kanuni inavyotaka. Alimlowesha midomo, alimsimulia habari za paa jekundu la mama yake, na mzee alipofumbua macho mara ya mwisho alimtazama kama mtu anayemjua. Pumzi yake ikaenda ikipungua, ikasimama, ikarudi mara moja kana kwamba imesahau kitu, kisha ikaisha. Ingalill akainuka kufungua dirisha. Lilikuwa dirisha la kisasa. Uligusa kitasa kwa kidole kimoja likafunguka lenyewe. Upepo wa bahari ukaingia.

"Nenda salama, mzee," alisema.

Alipofungua kabati aliikuta simu ina milio mingi ya Maj-Lis. Alimpigia akiwa bado amesimama.

"Dada," Maj-Lis alisema, kisha akashindwa.

"Sema."

"Ni mama. Nimepita kwake baada ya zamu. Amekaa kwenye kiti chake. Dada, ameshapoa."

Ingalill aliketi sakafuni palepale, kati ya viatu vya wenzake. Kisha kazi ikazungumza badala yake, maana miaka mingi ya kazi huzungumza hata moyo ukiwa umekufa ganzi.

"Kengele hakubonyeza?"

"Iko msumarini."

"Umemfungulia dirisha?"

"Njoo," Maj-Lis alisema. "Njoo uone mwenyewe. Sikugusa kitu."

Alivuka mlima katika giza lile la Januari ambamo mchana na usiku havitofautiani. Alilia mpaka hakuiona barabara, akasimama kando, akapangusa uso, akaendelea. Alimwomba mama yake msamaha kwa sauti, peke yake garini, na alipochoka kuomba akaanza kumgombeza kwa nini hakusema. Mganga hajigangi, tunasema. Huyu alikuwa amewaganga wazee wa nchi nzima isiyo yake.

Jikoni kulikuwa na baridi kama nje. Maj-Lis alikaa na koti na kofia, pembeni ya kiti cha mama yao, ameushika mkono wake. Alikuwa amemfunika Hilma blanketi la sufu mpaka kifuani. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, na kimoja kilishatiwa vipande vya jibini kwa desturi ya kule, tayari kumiminiwa kahawa, jinsi Ingalill alivyoipenda.

Na dirisha lilikuwa wazi, upana wa kiganja.

Ingalill hakuelewa kwanza. Kisha akaona kisu cha siagi kwenye ukingo wa dirisha. Akaona vipande vya karatasi sakafuni, vipande vidogo vidogo, si utepe uliovutwa mara moja bali uliochokonolewa, ukakwanguliwa, ukaachwa, ukarudiwa. Akainua blanketi. Chini ya kucha za vile vidole vilivyopinda kulikuwa na gundi na karatasi.

"Alijua," Maj-Lis alisema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Alijua hakuna wa kumfungulia. Kengele ni hapa, dada, tazama, ni karibu kuliko dirisha. Mkono mmoja tu. Yeye akaenda kuchukua kisu."

"Kwa nini hakubonyeza? Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu. Jumamosi nilimwambia muuguzi wa Jumapili yuko peke yake na wilaya nzima. Nilikuwa nalalamika tu. Mdomo wangu huu."

"Na mimi nilibandika mara mbili," Ingalill alisema. "Aliniambia niliache. Nikabandika mara mbili."

Theluji laini ilikuwa inaingia kwa ule upenyo na kukaa juu ya ukingo bila kuyeyuka.

"Yule mzee wako," Maj-Lis aliuliza baadaye, kwa sauti isiyo na uchungu wowote, "alikufaje?"

"Vizuri. Nilimshika mkono."

"Alikuwa na bahati."

Ingalill alivuta pumzi ndani, fyu, akashindwa kuitoa. Alipoitoa ilitoka na kilio ambacho Maj-Lis hakuwahi kukisikia kwa dada yake, hata walipomzika baba. Akapiga magoti akalaza kichwa kwenye mapaja ya Hilma yaliyokuwa magumu na baridi, akakaa hivyo hivyo.

"Nilifunge sasa?" Maj-Lis aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Mwisho wa mwezi malipo ya Jumapili ile yaliingia benki, mara mbili kama alivyoahidiwa. Alimpigia Torunn kumwomba ayachukue. Torunn akalia naye kwenye simu, akamwambia fedha ikishaingia haina njia ya kurudi. Masika Ingalill akarudi kwa Anette, kwa mshahara uleule wa zamani, na alipoulizwa kama ana jambo la kuongeza kwenye mkataba alisema hana. Kule Norwe nafasi yake ilijazwa kabla ya Pasaka na msichana mwingine kutoka Lautavaara.

Sasa anaishi katika nyumba ya mama yake, chini ya paa jekundu. Kila Oktoba anapanda kistuli na bakuli lake la gundi, na dirisha la jikoni haligusi. Baridi inapita hapo msimu mzima. Maj-Lis akija Jumapili hulalamika kwamba kukaa jikoni humo ni kama kukaa barabarani, kisha huketi na koti lake na kumimina kahawa.